Familia ya Kwa Sinye

Hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwona yule ndege wa Ulaya anayeitwa kwa Kifaransa cygne, lakini picha yake ilikuwa kila mahali: kwenye lango, kwenye magari, kwenye mifuko ya nguo. Bata mweupe mwenye shingo ndefu kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kufua nguo, kando ya barabara ya kwenda Naviundu, na watu wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikiita Kwa Sinye. Kilifua mashuka ya hospitali ya masista, vitambaa vya meza vya hoteli, na mashati ya wakubwa wa Katanga, ile nchi mpya iliyojikata kutoka Kongo kabla uhuru haujatimiza mwezi, ikajipatia bendera, wimbo, na mawaziri wanaopenda kola ngumu.

Mwenye kiwanda alikuwa Mbelgiji, Monsieur Edouard. Wazungu wenzake walipokuwa wanapakia makochi yao kwenye magari kukimbilia Rhodesia, yeye alikwenda likizo kwao na kurudi na dawa. Dawa yenyewe ilikuwa maneno manne. Alimwita mchoraji, yakaandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango wa chumba cha mashine: Honnêteté, Respect, Propreté, Famille. Uaminifu, heshima, usafi, familia. Kila Jumatatu asubuhi wafanyakazi walijipanga uani, Monsieur Edouard akavua kofia, nao wakayatamka kwa sauti moja kama watoto wa katekisimu. Neno la mwisho alilipenda kuliko yote. Likifika, alifumba macho.

"Kampuni yenye moyo ndiyo inayoshinda sokoni," aliwaambia wageni wake. Na wageni walikuwa wengi, maana alipenda kutazamwa akiwa mwema. Aliwaonyesha chumba cha watoto wachanga, ambako kina mama wa chumba cha pasi waliacha watoto wao wakinywa maziwa ya unga. Siku za wageni maziwa yalikuwa mazito. Siku nyingine yalikuwa maji yaliyopita karibu na maziwa. Gazeti lilimpiga picha akiwa amempakata mtoto wa mfanyakazi mmoja, mtoto akilia kwa nguvu zake zote, na chini yake pakaandikwa kwamba huo ndio urafiki wa kweli.

Hata hivyo, lazima lisemwe, dawa ilifanya kazi. Watu waliiamini. Victorine aliiamini kuliko wote. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, Mkatoliki aliyezaliwa Kongolo, kaskazini mwa Katanga. Baba yake aliletwa mjini na kazi ya reli. Pale Kwa Sinye alikuwa kapita wa chumba cha pasi, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho, na alisimamia wenzake bila kupaza sauti. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mujinga, mama wa yule mtoto wa kwenye picha, msichana aliyeitwa Simone. Wazazi wa Mujinga walitoka Kasai, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa mjini, katika mtaa wa Kenya, na Kasai aliijua kwa hadithi tu. Mumewe, Désiré, ndiye aliyetunza mtambo wa mvuke unaoendesha kiwanda kizima.

Noeli ya mwaka ule wa kwanza, bomba la mtambo lilipasuka wakati hoteli inasubiri vitambaa vya sikukuu. Désiré na wenzake, wengi wao watu wa Kasai, walifungua bomba likiwa bado la moto, wakaungua mikono, wakalirudisha. Wanawake walibaki kupiga pasi mpaka kitambaa cha mwisho. Hakuna aliyeuliza malipo ya ziada. Walisema, "Si ni nyumba yetu?" Hoteli ilipata vitambaa vyake, na Monsieur Edouard akawasimulia wageni kuhusu mafanikio ya "mfumo wangu". Upendo wa watu wale aliuita mfumo, na kama ilivyo kwa kila kitu alichokuwa nacho, aliuita wake.

Mwaka 1961, mwezi wa nane, mji ulichafuka. Vijana wenye rungu na minyororo ya baiskeli walianza kuwasaka watu wa Kasai, kwamba ni wageni, kwamba hawaitaki Katanga. Wageni katika mji ambao baba zao ndio waliofyeka msitu wake! Nyumba zilivunjwa, milango na mabati yakabebwa vichwani mchana kweupe. Waliookoka walikimbilia kwenye kambi za askari wa Umoja wa Mataifa, ambao watu waliwaita ba-ONU, wakalala chini kandokando ya waya.

Asubuhi moja Mujinga alikuja kazini na Simone mgongoni na sufuria mkononi. Désiré alikuwa nyuma yake na godoro kichwani.

"Yaya," alimwambia Victorine, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "jana balivunja nyumba ya jirani. Leo ni yetu. Bwana atuache tulale mu depo ya mashuka, siku kidogo tu, mpaka tupate njia ya kufika kwa ba-ONU. Na benzetu pia, hawana pa kwenda."

"Mungoje hapa, mudogo wangu," Victorine alisema. "Mi naenda kumuona. Atakubali."

Alipanda ngazi za ofisi bila wasiwasi wowote. Kiwanda kilikuwa na ukuta mrefu, lango la chuma, na depo, ghala kavu lenye nafasi ya kulaza kijiji. Alimkuta Monsieur Edouard akinywa kahawa. Alimweleza. Bwana alisikiliza vizuri sana, akitikisa kichwa kwa huzuni, kisha akaweka kikombe.

"Victorine, inaniuma. Lakini kampuni haifanyi siasa."

"Bwana, hii haiko siasa. Ni mama Mujinga na Désiré. Munabajua."

"Wateja wangu wakubwa ni watu wa wizara. Wakisikia nimeficha watu hapa, kesho nitafua mashati ya nani?"

"Hakuna muntu mwenye kufungua depo ya mashuka, Bwana. Nani ataona?"

Bwana alisimama, akaenda dirishani, akawatazama watu waliokuwa wamekaa uani juu ya mizigo yao. "Waambie watu wa Kasai waende likizo. Kwa usalama wao wenyewe. Mambo yakitulia tutawaita."

Victorine alikuwa amezoea kupeleka maneno ya Bwana chini, na hakuwahi kukataa hata siku moja.

"Hapana, Bwana," alisema. "Ile neno ya familia mulitufundisha na kinywa yenu. Na hii museme na kinywa yenu."

Basi Bwana akashuka mwenyewe, Victorine nyuma yake. Alivua kofia kama siku ya Jumatatu. Alisema, "Wanangu," akasema nyakati ni ngumu, akasema kampuni inawabeba moyoni, akasema ndugu wa Kasai watapumzika kidogo nyumbani kwao. Nyumbani gani, hakutaja. Mzee Antoine, wa mashine za kukausha, aliuliza kwa adabu, "Bwana, tupite njia gani? Huko barabarani banatungoja." Monsieur Edouard alimjibu kwamba anamwamini Mungu.

Walipokuwa wanatoka, alipaza sauti: "Ngojeni!"

Wote wakageuka. Mujinga alikwisha kuanza kutabasamu. Alidhani moyo wa Bwana umegeuka.

"Aproni," alisema Monsieur Edouard. "Ni mali ya kampuni."

Wakazifungua, aproni nyeupe zenye bata kifuani. Mujinga alimteremsha Simone, akavua yake, akaikunja vizuri pembe kwa pembe kwa sababu mikono yake haikujua kukunja vibaya, akampa Victorine. Lango likafungwa nyuma yao.

Hawakufika mbali. Kelele zilisikika kutoka kwenye kona ya barabara, kwanza za wanaume, halafu za wanawake. Waliobaki uani walianza kulikimbilia lango. Monsieur Edouard aliamuru mashine ziwashwe, zote, hata zile zisizo na nguo ndani, na mngurumo wake ukafunika kelele za nje. Ni kweli kwamba alikuwa ameweka mkono kifuani wakati anatoa amri hiyo.

Mahali pa waliofukuzwa paliletwa watu wengine. Karani wa wizara alileta shemeji zake, ofisa mmoja wa jeshi akaleta wapwa. Walikuwa watu wa kawaida tu, si wavivu wala wajinga. Lakini walifundishwa kazi na watu waliokuwa wameiona siku ile, na siku ile ilikuwa somo kubwa kuliko yote manne ya ukutani. Mfuaji mmoja alilisema wazi wakati wa kula: "Kama mu hii familia banafukuzana, kila muntu achukue urithi yake mapema." Wakacheka. Sabuni ikaanza kutoka langoni mifukoni mwa wafuaji. Mashuka ya hoteli yakaonekana madirishani katika mtaa wa Katuba yakiwa mapazia. Mashine ikilia vibaya, aliyeisikia aliendelea na kazi yake. Si nyumba yake. Mtambo wa mvuke, bila Désiré, ulipumua siku moja na kukohoa siku mbili, na mashuka ya hospitali yakawa yanarudi na unyevu, yakinuka kama shimo la panya.

Jumatatu waliendelea kujipanga. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Monsieur Edouard aliona kwamba kuna kitu kinapungua, akafikiri sana, akamwita mchoraji. Neno la tano likaongezwa: Loyauté. Utii wa moyo. Kiwanda kinakufa kwa kukosa imani, naye anakipaka rangi.

Mwezi wa kumi Sista Léonie wa hospitali alikuja mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kiume. Alikunjua shuka moja juu ya meza ya Bwana, juu ya makaratasi yake, akamwonyesha doa.

"Hii ni damu ya mgonjwa wa mwezi uliopita," alisema. "Mmeipiga pasi."

Bwana alieleza kuhusu hali ya nchi. Alieleza kuhusu maadili ya nyumba. Sista alimngoja amalize.

"Wako wapi wale waliokuwa wanafua zamani?"

"Waliondoka, ma sœur."

"Nasikia waliondolewa," alisema Sista Léonie. Akakunja shuka lake, na hospitali ikaondoka Kwa Sinye.

Victorine alikwisha kusikia waliko wale waliofukuzwa. Jumapili baada ya misa alijifunga kikwembe chake cha kitenge, akajitwika unga wa bukari, yaani wa ugali, akaenda kwenye kambi ya ba-ONU. Hapakuwa mahali pa binadamu. Watu maelfu kwa maelfu chini ya vibanda vya maboksi na matawi, miti ya barabara nzima imekatwa kwa kuni, moshi, vinyesi, watoto wenye matumbo makubwa. Aliuliza, akauliza tena, mpaka akamkuta Mujinga ameinama juu ya pipa lililokatwa nusu, anafua suruali za kijani za askari. Walishikana.

"Désiré?" Victorine aliuliza mwishowe.

"Balimupiga pale kwenye kona. Ba-ONU balitubeba mu kamyo mpaka huku. Hakumaliza juma, yaya."

Victorine alikaa chini kwenye matope, na kikwembe chake cha misa, akalia. Mujinga alimwacha alie, kisha akamvutia suruali moja. "Unisaidie kukamua," alisema. "Mi nachoka mikono."

Ndivyo ilivyokuwa. Askari wa Umoja wa Mataifa walihitaji nguo safi. Mujinga alikuwa ameanza na nguo za mlinzi mmoja wa kambi, akawaita wanawake wenzake wa Kwa Sinye, Mzee Antoine akawa anachota maji na kuchunga moto. Aliyeugua alifanyiwa sehemu yake na wenzake, na chakula kilichopatikana kiliingia chungu kimoja. Hawakuwa na neno lolote lililoandikwa popote. Shati likipotea, wote walilitafuta mpaka lipatikane, maana askari mmoja angelalamika, watoto wote wangelala njaa. Nguo zilirudi kavu, zimehesabiwa vifungo, na ba-ONU hawakutaka tena kufuliwa mahali pengine.

Habari hizo zilimfikia Monsieur Edouard kwa njia iliyomuuma zaidi. Alikuwa amewaandalia maofisa wa Umoja wa Mataifa chakula cha mchana hotelini, akitaka kazi yao ichukue nafasi ya hospitali, nao wakamwambia kwa heshima kwamba tayari wana mahali pazuri pa kufulia. Alipouliza ni wapi, wakamwambia.

Kesho yake alimwita Victorine. "Panda gari. Tunakwenda kuwarudisha watu wetu."

Watu wetu! Victorine alipanda kwa sababu alitaka kuona.

Alishuka kambini na viatu vyake vyeupe, leso puani, akapita kati ya vibanda akisema "Jambo, jambo" kwa watu wasiomjibu. Alipowafikia kwenye mapipa alivua kofia na kufungua mikono.

"Wanangu! Nimewatafuta."

Mujinga hakuacha kufua. Mzee Antoine alichochea moto.

"Sinye inawangoja," Bwana aliendelea. "Kila mtu atarudi kwenye nafasi yake. Mtambo unamlilia Désiré. Désiré yuko wapi? Mwiteni, nataka kumshika mkono."

Hapo ndipo mikono ya Mujinga iliposimama. Aliinuka polepole, maji yakichuruzika mpaka kwenye viwiko, akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya vibanda vya mwisho, ambako udongo mwekundu ulikuwa umefukuliwa na kurudishwa, vilima kwa vilima.

"Iko kule, Bwana. Mumuite mweye mwenyewe."

Monsieur Edouard alitazama, akaelewa, akabadilika rangi. Mtu angeweza kumhurumia hapo, kama angenyamaza. Lakini alikuwa mtu wa maneno.

"Mama, pole sana. Familia ya Sinye yote inalia pamoja na wewe."

"Bwana," Mujinga alisema, bila hasira, kama anayemweleza mtu njia, "mu familia yetu, muntu akikufa tunajua siku ileile."

Wanawake wengine walicheka. Halikuwa cheko la furaha. Lilikuwa lile la kumsindikiza mtu mlangoni. Bwana alimgeukia Mzee Antoine, akiamini mwanaume atakuwa na akili.

"Tukirudi tutalala wapi?" Antoine aliuliza.

"Nyumbani kwenu."

"Nyumba zetu ziko na bantu bengine ndani. Tulale mu depo?"

"Hilo, nitazungumza na wakubwa."

"Haya," alisema Antoine, akarudi kwenye moto wake. "Mukishamaliza kuzungumza, mutatukuta huku."

Mujinga alikwisha kuinama tena. Monsieur Edouard alisimama kidogo kati ya mapipa, kofia mkononi, na hakuna aliyemwambia akae wala aondoke. Watu walimzunguka kupita na ndoo kama wanavyozunguka kisiki. Mwishowe alitembea mpaka kwenye gari na kumfungulia Victorine mlango, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

"Mi nabaki kukamua," Victorine alisema. "Nitarudi na miguu."

Alirudi kazini Jumatatu, maana alikuwa na mama mzee wa kulisha na mjini kazi hazikuokotwa. Walijipanga. Maneno yakatamkwa, yote matano. Victorine alifunga mdomo akamtazama Bwana usoni tangu la kwanza mpaka la mwisho, na safari hii Bwana hakufumba macho. Kabla ya saa sita alifukuzwa. Sababu: ukosefu wa utii wa moyo. Karani wa ofisi alikuwa tayari amenyoosha mkono kupokea aproni yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Léonie, ambaye hakumuuliza barua wala sifa. Alimwonyesha beseni. Hospitali sasa ilifua mashuka yake yenyewe kwa mikono, kazi ya kuvunja mgongo, na Victorine aliifanya.

Kwa Sinye hakikufika mwaka tangu siku ile ya aproni. Vita vya mwezi wa kumi na mbili, kati ya ba-ONU na jeshi la Katanga, vilipita mjini na mizinga yake, na kiwanda hakikuguswa hata tofali. Hoteli iliondoka baada ya harusi moja ambayo vitambaa vyake vilikuja na alama za kutu. Wizara iliondoka kwa sababu ya kola. Shemeji na wapwa waliondoka na pasi. Monsieur Edouard alifunga lango na kuwaambia wafanyabiashara wenzake kwamba vita vimemwua. Labda. Lakini vita hivyohivyo vilipita kwa Mgiriki muuza mikate, mtaa wa pili, mtu mwenye matusi ambaye hakuwahi kumwita mfanyakazi yeyote mwanangu. Mwezi ule wa nane alikuwa amewalaza watu wake wa Kasai juu ya magunia ya unga, akakaa mlangoni na bunduki ya kuwindia, akitukana pande zote mbili. Mikate yake haikukosekana hata wiki moja. Monsieur Edouard alimwona mtu asiye na malezi. Alipofika Ulaya, inasemekana, alialikwa kuzungumza mbele ya waajiri wenzake juu ya namna ya kuwapenda wafanyakazi Waafrika, na alipigiwa makofi.

Katikati ya mwaka 1962 treni zilianza kuwabeba watu wa kambini kuwapeleka Kasai, kwa mababu wasiowajua. Victorine aliomba ruhusa kwa Sista, akaenda kuwasindikiza. Mujinga alikuwa dirishani, Simone akiwa amelala begani kwake.

"Kule hakuna kintu, yaya. Banasema tutaanza na nyumba za majani."

"Utaanza na pipa," Victorine alisema. "Bantu bote banachafua nguo."

Mujinga alicheka, mara hii kweli. Kisha akashika mkono wa Victorine kupitia dirishani na hakuuachia.

"Désiré anabaki peke yake."

"Mi niko."

Treni ilivuta, mikono ikaachana. Jumapili iliyofuata Victorine alichukua jembe, akaenda mahali palipokuwa kambi. Vibanda vilikuwa vimechomwa, na makaburini majani ya mvua iliyopita yalikuwa yamekauka yakafika kiunoni. Alikijua kilima cha Désiré kwa mawe aliyoyapanga Mujinga. Alikipalilia mpaka udongo ukaonekana. Kando yake kulikuwa na kingine, kidogo, kisicho na msalaba wala jiwe. Hakujua ni cha nani. Alikipalilia na hicho.